Herufi Mbili za Orpah

Msiniambie habari za mashujaa. Watu wakianza kuwataja mashujaa wa uhuru wa kusema hapa Homa Bay, mimi Hadiya hufunga duka nikaenda kunywa chai. Shujaa ninayemjua ni mmoja tu, na huyo hakuna anayemtaja. Alikuwa mpiga taipu.

Jina lake Orpah Moraa. Mkisii, Msabato wa kwelikweli, mjane mwenye mtoto mmoja wa kike, Leonida, kwa hivyo sisi tulimwita Mama Leonida. Alifanya kazi katika ofisi moja ya serikali hapa mjini, akapanga chumba nyuma ya duka langu la vitambaa. Mimi ni Msomali wa Isiolo. Nilikuja huku na mume wangu Abdirashid miaka ishirini iliyopita. Kijaluo cha Orpah kilikuwa cha kubabaisha, na mimi Kikisii sijui hata salamu, basi tukawa watu wa Kiswahili, na kwa Kiswahili tulisengenya mji mzima.

Alikuwa na vidole, wallahi! Ungesimama nje ya dirisha lake ungedhani mvua ya mawe imeshika bati. Tena alijivunia kazi yake kupita kiasi. Chuoni walimfundisha kwamba barua haijaisha mpaka pale chini kushoto uweke herufi za mwenye barua, halafu mkwaju, ule mstari wa mshazari, halafu herufi za aliyeipiga. Likitokea kosa, bosi ajue amuulize nani. Kila barua iliyotoka ofisini kwao kupitia mikono yake ilikuwa na herufi mbili ndogo mwishoni: om.

"Mama Noor," aliniambia siku moja, kwa maana mwanangu wa kwanza ni Noor, "mpiga taipu asiyeweka herufi zake ni kama fundi cherehani anayeukimbia mshono wake."

Nikamcheka. Nikamwambia wewe na herufi zako mtazikwa pamoja. Mungu anisamehe mdomo huu.

Mwaka wa tisini akaja Mwalimu Ongeri. Alifundisha fasihi katika shule moja ya sekondari, na kanisani kwao alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti ile ya kufanya hata matangazo ya mazishi yapendeze. Alikuja Jumapili asubuhi na madaftari matatu ndani ya mfuko wa sukari. Ilikuwa tamthilia. Nyinyi mliokuwa wadogo hamjui kura za mlolongo: mwaka wa themanini na nane watu walijipanga mchana kweupe nyuma ya mgombea wao, kila mtu akaona kwa macho yake mlolongo mrefu ni upi, halafu mfupi ukatangazwa mshindi. Tamthilia ya Mwalimu ilikuwa juu ya chifu aliyesimama peke yake uwanjani, bila mtu hata mmoja nyuma yake, akashinda. Orpah alinisomea kurasa tatu nikacheka mpaka nikashika mbavu.

"Jina langu usiliweke, dada," Mwalimu alimwambia. Nilikuwa pale pale mlangoni nikipepeta mchele.

"Na ikiwa na makosa ataulizwa nani?"

"Hakuna atakayeuliza. Kusema kweli ni kazi ya Mungu."

Basi dada wa watu akapiga kazi ya Mungu Jumapili tano, kwa taipureta yake mwenyewe ya zamani, bila kulipwa, kwa sababu mzee wa kanisa ndiye aliyeomba. Akaipiga kwenye stensili, zile karatasi za nta za kutolea nakala nyingi, kurasa thelathini na nne. Alipofika mwisho wa ukurasa wa mwisho, vidole vikafanya vilivyozoea. Pahali pa herufi za mwandishi aliacha wazi kama alivyoagizwa. Akapiga mkwaju, akapiga om.

Hakujua kwamba amefanya hivyo. Mkono ulijiendea wenyewe. Lakini Mwalimu aliketi kwenye kiti changu akazisoma zile stensili zote, moja moja, kalamu mkononi. Mtu huyu huona koma iliyopotea kutoka ng'ambo ya barabara! Aliona makosa saba madogo, Orpah akayarekebisha kwa ile rangi yao ya kufutia makosa. Herufi mbili za mwisho hakuziona? Mimi nasema aliziona. Sina ushahidi, na sitaki mtu anifundishe kuhusu ushahidi.

Nakala zikatolewa, sijui kwa mashine ya nani, zikasambaa. Zilisomwa Rodi Kopany siku ya soko, watu wamezunguka gunia la mahindi. Moja ikafika Migori, na huko ikaangukia mikononi mwa makachero. Wala hawakuhangaika. Barua za serikali zenye om zilikuwa zimejaa kwenye mafaili yao wenyewe. Siku ya tatu walikuwa mlangoni kwangu, wanaume wawili wenye makoti, wananiuliza kwa adabu chumba cha Moraa ni kipi.

Walimweka ndani siku kumi na moja. Nilipeleka uji mara nne nikafukuzwa mara nne. Leonida, mtoto wa darasa la pili, alilala na binti zangu akawa haongei. Orpah aliporudi miguu ilikuwa imevimba, viatu ameshika mkononi, kwa sababu walikuwa wamemsimamisha kwenye chumba chenye maji yanayofika kwenye vifundo. Aliniambia alihesabu siku kwa harufu ya maharage, maana jikoni kwa askari maharage yalipikwa mara moja tu kwa siku. Habari hizo aliwaambia watu wawili duniani: mimi, na mzee wake wa kanisa aliyekuja kumwombea.

"Mbona hukumtaja?" nilimfokea. "Wewe mwehu? Mbona hukumtaja?"

"Ana watoto wanne, Mama Noor."

"Na wewe una paka?"

Taipureta haikurudi. Kazi ikaenda, na barua ya kumfuta kazi ilisema yeye ndiye mtunzi wa maandishi ya uchochezi. Mtunzi! Mwanamke ambaye hajawahi kutunga hata shairi la harusi.

Mwalimu aliapa, mkono juu ya Biblia, kwamba mambo yakilegea ataandika barua, aseme mtunzi ni yeye na dada alitumwa tu. Haya. Mambo yakalegea. Vyama vingi vikaja, watu wakapiga kura za siri, na kufikia mwaka wa tisini na tatu Mwalimu mwenyewe alikuwa anajitapa kwenye mikutano kwamba ile tamthilia ni yake. Kujitapa aliweza. Barua ilimshinda. Mara wiki ijayo, mara baada ya mitihani, mara acha kwanza uchaguzi upite. Orpah akawa anapanda gari kila asubuhi hadi Rodi Kopany, anapiga ratiba za matanga na kadi za harambee kwa mashine ya kukodi, kwenye baraza la duka la mbegu. Asante ya punda ni mateke, lakini huyu alipigwa mateke na yeye ndiye aliyekuwa punda.

Miaka saba hivyo. Kisha mwaka wa tisini na saba ofisini kwao akaletwa mkubwa mpya, Bwana Machuki, mtu wa haki. Alilisoma faili la Orpah akamwita. Akamwambia, mama, niletee barua yenye sahihi ya mtunzi mwenyewe kabla ya mwisho wa Julai, nitakurudisha kazini, na miaka yako yote ihesabiwe kwenye pensheni. Baada ya Julai nahamishwa, na atakayekuja simjui. Orpah alirudi mbio kunipa habari, nikaona meno yake kwa mara ya kwanza tangu miaka ile.

Alimtafuta Mwalimu nyumbani, shuleni, kanisani. Yuko safarini. Ana mgeni. Amelala. Zikabaki siku sita. Ndipo gari lenye kipaza sauti likapita barabarani likitangaza mjadala mkubwa katika ukumbi wa mji: Uhuru wa Kusema na Kazi ya Mwandishi. Angekuwepo profesa kutoka Nairobi, na Wakili Bogonko aliyekuwa akitafuta ubunge, na mwandishi wetu jasiri, Mwalimu Ongeri.

"Mbele ya watu hataweza kukataa," Orpah alisema. "Twende wote, Mama Noor. Wewe ulikuwepo. Wewe ndiye shahidi wangu."

"Twende," nikasema. "Na akikataa nitamvua suruali kwa maneno."

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Tuliketi safu ya tano. Safu ya kwanza walikaa wakubwa wa serikali, pamoja na yule bwana anayetia sahihi leseni za biashara. Sitasema hawakuongea vizuri. Profesa, aliyekuwa mwenyekiti, alisema kitabu kinachotumikia siasa hufa siku siasa ile inapokufa. Wakili akamrukia: mwandishi anayekaa kimya wakati watu wanapigwa, huyo ni karani tu, hata akiandika kwa lugha ya malaika. Watu wakapiga makofi, wengine wakiitikia "Adier! Kweli!" Profesa akamuuliza, je, mkishika serikali nyinyi, mtamwacha mwandishi awaseme? Wakili akacheka, akasema tutampa chai kwanza. Hata mimi nilicheka. Nilikuwa naanza kufurahia.

Halafu akasimama Mwalimu Ongeri, na ile sauti yake. Akasema uhuru haupewi, hulipiwa. Akasema aliandika tamthilia ile akijua itamfikisha wapi. "Na mnajua tuliponzwa na nini? Mpiga taipu! Sekretari mmoja alitia herufi zake kwenye uchochezi kama anayetia kwenye barua ya likizo!" Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Orpah hakutikisika. Mwalimu akangoja kicheko kiishe, akashusha sauti. "Siku kumi na moja, ndugu zangu. Kwenye maji. Nilitoka viatu vikiwa mkononi, miguu haingii. Nilihesabu siku kwa harufu ya maharage."

Kuna mama mbele yetu alianza kulia. Mimi damu ilinipanda kichwani nikawa sioni vizuri. Hajawahi kulala hata saa moja kituoni, mtu yule! Hata ya kutishwa tu! Maumivu ya mwenzake amevaa kama koti la mtumba, na limemkaa.

Orpah akasimama.

"Naomba nafasi."

"Maswali baadaye, mama," profesa akasema. "Andika kwenye karatasi."

"Sina swali. Herufi zile ni zangu." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ukumbi ulinyamaza. "Mwalimu, siku hizo kumi na moja pia ni zangu. Sikudai. Zichukue, ziwe zako. Mimi nataka barua tu, kwamba mtunzi ni wewe. Andika mistari miwili, sasa hivi, utie sahihi. Julai inaisha Alhamisi."

Nilimwona Mwalimu akipima. Akiandika barua ile ya kumsafisha aliyeshikwa kama mtunzi, atakuwa amekiri kwamba aliyekaa majini ni mwingine. Kisha akatikisa kichwa kwa huruma, kama yuko mbele ya mgonjwa.

"Ndugu zangu, tumvumilie dada huyu. Ni muumini mwenzangu, namwombea kila siku. Mateso ya miaka ile yaliharibu akili za wengi."

"Pole, maskini," watu wakanong'ona. Pole, maskini! Wakili Bogonko akaangalia saa yake. Profesa akasema kwa upole, mama, tusilete mambo ya kibinafsi, tunajadili uhuru wa kusema.

Orpah hakuketi. "Nina shahidi," akasema. "Yuko hapa. Mama Noor, simama uwaambie ni nani alikaa siku zile."

Ukumbi mzima ukageuka. Safu ya kwanza nayo ikageuka, na yule bwana wa leseni akanitazama usoni, akanijua.

Sasa nisikilizeni, na mkitaka kunihukumu, haya. Mwaka wa themanini na tisa sisi Wasomali wa Kenya tuliitwa tukapangwa foleni, tukaulizwa babu zetu walizaliwa wapi, tukapewa kadi ya rangi ya waridi ya kuonyesha kwamba tumekaguliwa, tukaonekana ni wa hapa. Waliokosa kadi walipakiwa kwenye malori wakavushwa mpaka. Yangu ilikuwa ndani ya mkoba, kwenye mapaja yangu. Nilikuwa na duka, na watoto watano, na mdomo mrefu kuliko wote katika mtaa ule. Nilifungua mdomo huo mrefu.

"Kaa chini, Mama Leonida," nikasema. Nikamshika gauni kiunoni, nikamvuta.

Akakaa. Hakunitazama. Nilisikia pumzi zake, na profesa akasema asanteni, tuendelee, nao wakaendelea mpaka saa kumi na moja, mjadala mzuri sana, uliandikwa hata gazetini.

Alhamisi Orpah alikwenda ofisini mikono mitupu. Bwana Machuki alimngoja mpaka saa ya kufunga, halafu akafunga faili. Wiki iliyofuata Orpah alihama. Alinilipa kodi yote, akanishukuru kwa miaka ile, akamwambia Leonida aniage vizuri. Nasikia wako Migori, anapiga taipu nyuma ya soko. Sijaenda, na nauli ninayo.

Mwezi wa kumi na mbili Mwalimu Ongeri alikuja dukani kutafuta kitambaa cha suti. Anakwenda ng'ambo, kuwaeleza Wazungu kuhusu uhuru wa kusema. Nilipompimia, aliinama karibu na kaunta akasema kwa sauti ya chini, "Asante, Mama Noor. Wewe ni mtu mwenye busara." Nikachukua mkasi, nikamkatia yadi tatu na nusu.