Siku Niliyojiachia Mikononi mwa Wenzangu

Wapo wanaoniita Mama Semina mpaka leo, wakidhani sisikii, na kila anayesimulia habari yangu anaitia chumvi yake (wengine wanasema gauni lilipanda mpaka kiunoni, si kweli, nilivaa suruali), kwa hiyo aibu hii ni yangu na bora niitoe mwenyewe kwa mdomo wangu.

Mie nafanya kazi kiwanda cha mikate huku Mbagala, upande wa kufungasha. Nilianza pamoja na shoga yangu Mwajuma, na miaka yote hiyo tumesimama meza moja, tumekula sahani moja, na siku najifungua kitindamimba wangu yeye ndiye alinishika mkono hospitali, mume wangu yuko safarini. Basi supavaiza wetu akaacha kazi, na Mzee Urio, mwenye kiwanda, akanichagua mie. Mwajuma alinikumbatia mbele za watu mpaka machozi yakamtoka, furaha kama amepewa yeye.

Sasa mie, kwa kuogopa watu wasije wakasema nampendelea shoga yangu, wiki ile ile nikamtoa mezani nikampeleka kwenye majiko, kule kwenye joto. Sikumwita pembeni kumweleza, nilitangaza tu kama tangazo la msiba. Halafu nikaleta na sheria ya glavu: "Ukishavaa glavu, usiguse kitu chochote zaidi ya mkate. Chochote! Nikikuona, unarudi kwenu." Na kweli kuna mama mtu mzima alijikuna pua, nikamrudisha nyumbani, na nilijiona kiongozi haswa.

Mzee Urio akanipeleka semina ya uongozi, hoteli moja Kinondoni, chai na sambusa, beji ya jina kifuani. Mwalimu alikuwa kijana mtanashati wa suti ya buluu, akatufundisha zoezi la kuaminiana: unawapa wenzako mgongo, unafumba macho, unajiachia, wao wanakudaka. Mie nilidakwa na wanasemina wenzangu, mkuu mmoja wa shule na karani wa benki, taratibu kama kitoto kichanga, nikahisi kabisa kwamba uongozi ndio huu. Niliporudi Mbagala kichwa kilikuwa kimevimba, hakiingii mlangoni.

Jumatatu Mzee Urio akaja na wageni, mwanamama na mwanaume wenye maduka makubwa, wanataka kuanza kuchukua mikate kwetu. Tukakusanyika wote, yeye akasema, "Mama, waambie wenzako kidogo ulichojifunza, halafu tuendelee." Kidogo! Ningesema tu ahsante Mzee, nimejifunza mengi, na leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Mie nikasema, "Mzee, naomba nioneshe kwa vitendo."

Nikawapanga nyuma yangu, Mwajuma nikamweka katikati makusudi, wageni waone shoga yangu akinidaka. Akaniuliza, "Tuvue glavu?" Nikamjibu bila hata kumtazama, "Hamna muda, simameni tu, wageni wanasubiri." Nikageuka, nikafumba macho, nikakunja mikono kifuani, nikatamka kwa madaha, "Nawaamini!" nikajiachia.

Nilichosikia ni viatu vikirudi nyuma.

Nilitua kwa makalio kwenye saruji, nikapinduka chali, mguu ukaruka juu ukapiga toroli refu la trei, lile la magurudumu, nalo likaondoka zake mpaka ukutani, likagonga, likalala, na mikate ya asubuhi nzima ikatawanyika sakafuni mpaka kwenye viatu vya yule mgeni wa kike. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuna mkono hata mmoja ulionyooshwa. Halafu mtu mmoja akacheka, kikawa kicheko cha kiwanda kizima, na Mzee Urio mwenyewe kajifunika uso kwa kofia, mabega yanamtikisika.

"Jamani, mmeniacha?" nikauliza.

Mwajuma akainua mikono yake yenye glavu. "Bosi, ulisema tukivaa hizi tusiguse kitu zaidi ya mkate."

Nilimtafuta usoni nione utani. Haukuwepo. Nikataka kuinuka, mgongo ukagoma, na kwa kutafuta heshima iliyobaki nikasema, nikiwa chali vile vile, "Zoezi limekwisha, rudini kazini." Wakacheka upya.

Mzee Urio akamwamuru Mwajuma anipeleke zahanati. Tukapanda bajaji, kila shimo la barabara nalisikia kwenye uti wa mgongo mzima, yeye kapakata mkoba wangu anatazama nje.

"Mwaju, umeniacha nianguke kweli?"

"Nilikuwa nasubiri uniulize kama nitakudaka."

"Sasa hilo nalo la kuuliza?"

"Zamani ungeuliza," akasema. "Siku hizi unapanga tu watu."

Zahanati, nesi akaninyoosha kitandani, akamgeukia yeye na kalamu mkononi. "Wewe ni nani wake? Ndugu?"

Na mie, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, nikijua atasema dada yake, maana ndivyo alivyosema siku ile ya kujifungua.

"Hapana," akasema Mwajuma. "Huyu ni bosi wangu." Akaweka mkoba miguuni pangu, akatoka kukaa kwenye benchi la nje.

Cheo hawajanivua. Wale wageni hawakurudi, na Mzee Urio kila akinitazama anakohoa kidogo kuficha cheko. Kazi inakwenda, nikisema kitu naambiwa "sawa bosi," na saa ya chakula kila mtu ana pa kukaa isipokuwa mie. Mgongo ulipopona nilimfuata Mwajuma kwenye majiko, safari hii peke yangu, nikamwomba arudi meza yetu. Aliniangalia kwa adabu kabisa, adabu ile unayompa mgeni, akasema, "Nimeshazoea joto, bosi," akageuka kuvuta trei.

Nimeapa: semina wakinituma nitakwenda, nitakula sambusa zao na nitaandika wanayosema, ila zoezi lile silifanyi tena mpaka nipate pale kiwandani mtu mmoja wa kumuuliza kwanza kama atanidaka. Kwa sasa hayupo.