Nyimbo Sita kwa Mama Njeri

Siku yangu ya kwanza kazini, opareta mkuu wa sinema yetu ya Kitale alinipa kitambaa, akaniambia nisiguse kitu kingine chochote. Nilipangusa mashine mbili kuanzia asubuhi hadi saa nane, picha ya mchana ilipoanza. Opareta alikuwa mtu wa kuendesha mashine ya sinema. Siku hizi nikisema nilikuwa opareta, vijana wanadhani nilikuwa wa simu, nami nimechoka kuwaeleza.

"Ukichoma filamu, shika njia uende kwenu," yule mzee aliniambia. "Usingoje nikufukuze."

Hakuwa anatania. Mwanga wa mashine ulitoka kwa vijiti viwili vya kaboni vinavyowaka vikikaribiana, na filamu ikikwama mbele yake kidogo tu, inatoboka. Picha moja ya Kihindi ilikuja kwa rili nyingi, yaani magurudumu ya filamu. Rili ikikaribia kuisha, kidoti kilitokea kwenye pembe ya skrini, nawe unawasha mashine ya pili kabla watu hawajajua. Nilijifunza hayo mwaka mzima huku nikisikiliza nyimbo. Kihindi sijui hata leo, lakini nyimbo hizo, jamani, ziliniingia.

Baadaye nikahamishiwa Bungoma, na huko ndiko nilikofanya kosa ambalo hadi leo linanikera. Meneja alikuwa mtu wa haraka.

"Toa nyimbo," aliniambia wiki ya kwanza. "Watu wa hapa wanataka ngumi, bana. Wimbo ukianza wanatoka kununua njugu."

Mkubwa amesema, nami nikatii. Unakata filamu kwa wembe, unaikwangua pembeni, unapaka gundi, unabana hadi ishike. Nyimbo nilizikunja nikaziweka kwenye mkebe wa biskuti, maana picha ikirudi Kitale ilitakiwa iwe kamili. Kwa miezi kadhaa watu wa Bungoma walitazama picha za Kihindi zisizo na hata wimbo mmoja. Hebu fikiria.

Jumamosi moja nilikata wimbo mrefu bila kuutazama hadi mwisho. Kumbe shujaa alikuwa amefia ndani ya wimbo ule! Watu walimwona juu ya farasi akicheka, na papo hapo wakamwona mkewe amevaa nyeupe za ujane, analia. Ukumbi ukachafuka. Mtu akapaza sauti kutoka viti vya nyuma, "Opareta! Nani amekufa?"

Picha ilipoisha, msichana mmoja alipanda ngazi hadi mlangoni kwangu. Jina lake lilikuwa Nasimiyu.

"Ni wewe unatunyima nyimbo?" akauliza. "Mimi nimetembea kutoka Bokoli asubuhi yote, nikuje kuona watu wakipigana? Si hata kwetu wanapigana!"

Nilimwonyesha mkebe. Aliinua vipande vya filamu kwenye mwanga wa dirisha, kimoja kimoja, akavitazama kwa muda mrefu. Jumapili iliyofuata nilizirudisha nyimbo zote mahali pake bila kumwambia meneja. Nasimiyu alikaa mbele kabisa. Alizishika nyimbo zile kwa sikio tu, neno kwa neno, bila kujua maana, na tulipooana akaziimba jikoni kwetu miaka yote. Tulipojaliwa binti, Njeri, tukamwita jina la mama yangu, naye akabembelezwa kwa Kihindi ambacho Mhindi mwenyewe asingekielewa.

Nilirudi Kitale nikiwa opareta mkuu, nikakaa hapo hadi video ilipotumaliza. Siku ya mwisho meneja wa hapo alitukusanya watu watano, akasema, "Poleni," akafunga mlango. Ukumbi ule sasa ni stoo ya mahindi. Niliuza kanda za muziki hadi nazo zikafa, kisha nikaja nyumbani kupumzika. Wanaita kupumzika. Mtu aliyefanya kazi ambayo haipo tena hana hata wa kumfundisha, anakaa tu.

Halafu Mama Njeri akapigwa na kiharusi. Ni miezi mitano sasa. Anakula, anakutazama, lakini neno halitoki. Daktari alituambia kuna wagonjwa ambao wimbo huwafungua mdomo. Tulimpigia zile za zamani, akalia machozi bila sauti mpaka nikashindwa kuvumilia. Njeri akasema tujaribu kitu kipya, kisichomkumbusha lolote. Kuna picha ya Kihindi imetoka juzi, na nyimbo zake sita akaniwekea kwenye simu.

Niliziweka jana baada ya chakula cha mchana, nikamsogezea kiti dirishani. Wacha niseme ukweli wa mtu aliyezipenda nyimbo hizi maisha yake yote. Wimbo wa kwanza ni ngoma za mashine tupu. Zamani fidla zilikuandaa kwanza, ukajua unapelekwa mahali. Huu unakurukia tu. Wa pili una sauti ya mwanamke iliyolainishwa mpaka huisikii ikivuta pumzi, na mtu asiyevuta pumzi nitamwaminije akisema ameachwa? Wa tatu uliisha nikiungoja uanze. Zote ni fupi, kana kwamba kuna opareta mahali fulani na wembe wake. Wa nne na wa tano sina la kusema, vijana watacheza nazo harusini.

Lakini wa sita! Filimbi peke yake, kisha mzee anaimba polepole, sauti imekwaruza kidogo, na ngoma ya tabla inaingia kwa adabu. Nilisahau niko wapi. Niliona aibu kwamba nilikuwa nimeutukana muziki wa watoto hawa, kumbe bado wanajua.

Nilipogeuka, midomo ya Nasimiyu ilikuwa inatikisika. Njeri, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, akanong'ona, "Baba, ona." Nikapiga magoti kando ya kiti. Miezi mitano nilikuwa nimelingoja jina langu. Nikasogeza sikio karibu.

"Zima," akasema.

Njeri aliangusha sufuria, akatoka mbio uani akiwapigia ndugu simu. "Mama ameongea! Mama ameongea!" Majirani wakaanza kupiga vigelegele, mmoja akaja na maziwa.

Mimi nilizima. Nikamuuliza kama anataka nimletee kitu, kama nimemuudhi, kama ananijua. Alikuwa ameshageuka kutazama dirisha, na mpaka sasa ninapoandika hajasema neno lingine.