Vidole vya Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa mgeni wa siku nyingi nchini kwetu, hata ikawa yeye ndiye anayetuambia tunapunjwa wapi sokoni. Alikuja na mumewe, mume akafariki, akabaki na watoto pacha na kibali cha kazi ambacho hakikukaa muda bila kuhitaji kukatwa upya. Kibali hicho kingekosekana, yeye na watoto wangepelekwa mpakani, warudi kwenye nchi ambayo watoto waliijua kwa simu za shangazi tu. Basi kila tarehe ilipokaribia, alikonda.

Tulifanya kazi kwa dobi mkubwa aliyefulia hoteli na hospitali. Mashine zilikuwapo, ila mashine haijui doa. Kabla shuka halijaingia humo, sisi wanawake tulilikagua kwenye masinki, tukalipaka dawa, tukalisugua kwa vidole mpaka doa likubali kutoka. Kila mmoja alikuwa na uzi wa rangi yake. Ukimaliza furushi unalifunga uzi wako, ili doa likionekana baadaye ijulikane nani wa kufokewa. Wangu ulikuwa wa kijani, wake mwekundu. Mafurushi yake hayakurudishwa, na mimi nilizoea kumtania kwamba anafua kama bibi harusi anayepimwa na mawifi.

Mwaka huo serikali ikaleta utaratibu mpya. Anayetaka kibali sharti aweke vidole kwenye kioo, mashine isome alama. Mama Pacha akaweka, mashine ikakataa. Akajifuta, akaweka tena, ikakataa.

"Mama, huna alama za vidole," karani akamwambia.

"Nilipoingia nchini nilikuwa nazo," akajibu.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwamba dawa za kufulia hula ngozi, na kwamba akipumzisha mikono mwezi hivi, bila maji wala dawa, alama zitarudi. Lakini kibali ni cha kazi. Akiacha kazi ili mikono ipone, hana haki ya kibali. Akiendelea na kazi, mashine haitamsoma. Mama Pacha alitusimulia haya akicheka, na kicheko chenyewe kilinitia uchungu kuliko kama angelia.

Mkubwa wetu pale masinkini tulimwita Bibi Sabuni, kwa kuwa alitukuta wote wabichi akatusugua. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Utakuja kazini kama kawaida. Utasimama kwenye sinki lako, utakagua, utafunga mafurushi. Maji usiguse."

"Na madoa?"

"Madoa ni yetu. Wewe tuachie nyuzi zako."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kufunga nyuzi nyekundu kwenye mafurushi tuliyoyasugua wenyewe. Hatukupanga nani atoe mangapi, na hapo ndipo tulipokosea. Kila mmoja alihofu wenzake watatoa kidogo na Mama Pacha ataonekana mvivu, basi akaongeza kimyakimya. Mimi niliongeza kupita wote. Nilikuwa nimekula kwake, nimelia kwake, watoto wake waliniita mama mdogo. Ningehesabu mafurushi?

Msimamizi alihesabu. Serikali ilikuwa imempandishia mwenye dobi ada ya kuajiri wageni, naye mwenye dobi alitaka fedha hiyo ipatikane humohumo ndani, kwa kupunguza watu. Msimamizi akapita akitazama marundo, akasimama kwenye jekundu.

"Huyu mwenzenu anafanya kazi ya watu wawili," alisema. "Kuna wengine hapa hata ya mtu mmoja haifiki."

Rundo langu la kijani lilikuwa dogo kuliko yote. Nilimtazama Bibi Sabuni, naye akatazama sinki. Tungesema nini? Kusema ukweli ni kumkabidhi Mama Pacha mpakani.

Siku niliyoambiwa nisirudi tena ndiyo siku ambayo kioo kilimsoma. Alirudi kutoka kwa karani mbiombio, uso umemnawiri, akanikuta getini na mfuko wangu wa nguo. Alipoelewa, akageuka aende kwa msimamizi. Nikamshika gauni.

"Ukisema, watakufukuza kwa udanganyifu na kibali watakifuta. Mimi hawatanirudisha. Tutakuwa tumepata nini?"

"Mimi nitalalaje, dada?"

"Lala kwa ubavu kama watu wengine."

Nilimjibu hivyo kwa hasira. Sitaki kujipaka mafuta: zipo asubuhi nilizoamka sina pa kwenda nikamchukia, yeye na vidole vyake. Kisha nikawachukia waliotunga sheria ile wakiwa na mikono mikavu. Mwishowe hata kuchukia kukanichosha.

Nyumbani nilikuwa naishi na kaka yangu mkubwa, na yeye aliipokea habari kama mtu aliyeshinda kesi. "Si nilisema? Wageni wanatumalizia kazi." Aliwaambia majirani, akamwambia kinyozi, akamwambia muuza mkaa. Sikumbishia. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba ile kazi niliifunga mwenyewe kwa uzi wa mtu mwingine?

Jumapili moja Mama Pacha akaja. Kaka alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chetu kizuri, hakujisogeza.

"Huyu ndiye mgeni aliyechukua kazi yako?" aliniuliza kwa sauti, mgeni mwenyewe akisikia.

Mama Pacha alisimama palepale nje. Alikuwa amevaa gauni la kazini, limelowa kifuani, na mikono imevimba, nyeupe kwenye ncha, ngozi inachunika. Msimamizi alikuwa amezoea rundo jekundu la ukubwa ule, na sasa alilidai kila siku.

"Ndiye," nikamwambia kaka. "Inuka, umpe kiti. Siku hizi anafua ya kwake na ya kwangu."

Kaka aliitazama ile mikono. Kisha akainuka.