Hatua za Mpima Ufuko

Mpima ufuko hana simile: humaliza nyumba ishirini kabla jua halijakolea. Huanzia pale maji yalipoishia, akaruka mashimo ya wachimba mchanga, akihesabu hatua kwa sauti ya mkuu wa gwaride hadi mlangoni. Zikipungua thelathini, chaki nyekundu hutoka nyuma ya sikio: nyumba iko hatarini kumezwa na bahari, wenyewe wajiandae kuhama. Juzi, kwa shangazi yake, hatua zilifupika ghafla; kisigino kikawa kinagusa kidole, kama bi harusi anayeingia ukumbini. "Thelathini na moja!" akatangaza, jasho likimtiririka. Shangazi, aliyekuwa akichagua mchele kizingitini, hakuinua hata kichwa. "Rudia, mwanangu," alisema. "Na safari hii tembea kama bahari."