Nilivyomuuliza mkwe frasila zake kwa sababu ya trekta

Wakuu, amani iwe kwenu. Nawapa haya kama yalivyonifika, bila chumvi wala ndimu. Shahidi wangu ni Makame, kiongozi wa mahamali. Yu hai, muulizeni.

Ilikuwa kabla ya Vita vya Mjerumani. Mie nlikuwa mpima karafuu mjini, kutwa na mizani na frasila. Kwa asiyejua, frasila moja ni kama kumbeba mtoto wa miaka minne aliyelala.

Wakati huo shangazi yangu alikuwa amenipelekea posa ya Zuwena kwa babake, Sheikh Seif, bwana mmoja mwenye minazi yake, na jibu lilikuwa bado halijatoka.

Basi huyu mzee akanunua trekta kuukuu la moshi kwa Mzungu mmoja Mbweni. Alitaka liwe uani kwake Ng'ambo, lizungushe kinu cha mafuta ya nazi. Gurudumu moja lilikuwa limevunjika, kwa hiyo halivutiki. Lazima libebwe.

"Nani atajua uzito wa kitu hiki?" akauliza.

Nami, mposaji, nkasema, "Hilo niachie mie, mzee."

Nkalizunguka trekta, nkaligonga tumboni, nkaligawa kwa macho: boila magunia kadhaa, magurudumu kadhaa, bomba la moshi gunia moja na ushei. Nkatoa jibu: frasila mia na ishirini. Lile bomba nlishalikumbatia, nikachafua kanzu, ili wasiseme nakisia.

Likabaki suala la gari. Mfanyabiashara mmoja wa mbao alikuwa na gari refu la magurudumu manne. Makame alikuwa na la ng'ombe, la magurudumu mawili, ekseli nene kama paja.

Makame akasema, "Bwana mpima, chukua lile refu."

Nikakataa. Ekseli ya Makame ingebeba hata mia na hamsini, hesabu yangu ilikuwa wazi. (Na ilikuwa sahihi, wakuu. Mpaka leo naitetea.)

Tukalipandisha trekta kwa magogo ya minazi na kamba. Likakaa. Ekseli haikulia. Nikageuka kumtazama mkwe mtarajiwa kwa unyenyekevu wa mshindi.

Nyuma yangu nkasikia mahamali wanasema, "Lahaula."

Gari lilikuwa limelala kinyumenyume. Mti wa nira umepanda juu, na ng'ombe wawili wamenyoosha shingo kama wanachungulia ghorofani.

Uzito wote uko nyuma ya ekseli. Kulisogeza trekta mbele hatukuweza, gurudumu bovu lilinasa kwenye mbao. Makame akapandisha mahamali mbele mmoja mmoja. Ng'ombe wakashuka, lakini kwato za mbele bado hazijagusa ardhi. Watu wakatuishia.

Aliyebaki ni Sheikh Seif, juu ya punda wake mweupe. Mwili alikuwa nao, mashallah, na punda alikuwa shahidi.

Nkamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani mzee, kwa kukadiria tu, wewe frasila ngapi?"

Makame akaanza kutazama bahari.

"Ati wanipima kama karafuu?"

"La, mzee. Karafuu huwa natoa uzito wa gunia. Kwako nimehesabu na joho."

Akainama juu ya punda. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Umepata ngapi?"

Kimoyomoyo nlikuwa na saba na nusu. Adabu ikanishika, nkasema tano.

Akafurahi, wakuu. Akashuka, akapanda mbele ya gari, akakaa na bakora yake. Ng'ombe wakatua kama unyoya.

Njia nzima watu walitoka kumtazama. Yeye akadhani wanamheshimu, akawa anaitikia salamu huku na huku. Punda akafuata nyuma, mwepesi kuliko nilivyowahi kumwona.

Tukafika mlangoni kwake salama. Jirani akaja mkono mbele kumpongeza, na mzee, kwa uungwana, akashuka kuupokea.

Nlipiga ukelele, nkachelewa.

Ng'ombe wakapanda, mahamali wakamwagika, na trekta likateleza taratibu, likakaa kitako juu ya lundo la makumbi ya nazi.

Halafu dirishani juu, nyuma ya pazia, mtu akacheka. Alicheka mpaka akakosa pumzi, akapumzika, akaanza tena.

Alikuwa Zuwena. Mpaka siku ile sikuwahi kuisikia sauti yake.

Sheikh Seif akatazama juu, akanitazama mie, akafuta vumbi la joho.

"Huyo," akasema, "hajacheka tangu mamake afe. Mwambie shangazi yako aje kesho."

Funzo: kujua mzigo una uzito gani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua utakaa wapi, na nani asishuke.

Haya, semeni nanyi. Mngechagua gari lipi? Na kama yupo aliyewahi kumpima mkwe usoni akapona, aeleze alianzaje.