Maji Ndiyo Mzigo: Miaka Yangu ya Kusafirisha Samaki Hai

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, brashi na buti za mpira zilizonizidi mguu, nikaambiwa nisugue sakafu. Nilikuwa nimetoka Kaloleni miezi michache tu, naishi na mume wangu katika chumba cha kupanga Magogoni, na jirani yetu ndiye aliyenielekeza kwenye banda lile la Utange. Alisema ni kampuni ya samaki. Nilitarajia visu, magamba na harufu. Nilipoingia nilikuta banda refu lenye mwanga hafifu, pampu zinanguruma, na ukutani kote yamepangwa matangi ya vioo. Ndani yake samaki walikuwa hai: wa manjano, wa buluu, wenye mistari kama pindo za leso, na wengine wadogo kuliko kidole changu cha mwisho. Mimi hadi siku hiyo nilijua samaki wa kukaanga na samaki wa kupaka.

Msimamizi wa matangi alinikuta nimesimama, brashi mkononi. Aliitwa Bwana Shee, mtu wa Mji wa Kale, mpole, asiyependa mtu anyanyue sauti karibu na matangi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujapata kuwaona?"

"Wakiwa wamekufa nimewaona, baba. Hivi, bado."

"Basi watazame kwanza. Sakafu haiendi mahali."

Nikawatazama. Baadaye nikamuuliza wanapelekwa wapi, akanitajia nchi ambazo nilizisikia redioni tu. Nikamuuliza samaki hupandaje ndege. Akasema, "Huenda na kipande chake cha bahari. Kazi yetu ni kukikata kipande hicho kisizidi wala kisipungue."

Niliyasugua hayo matangi karibu miaka mitatu kabla ya kuhamishiwa chumba cha kufungia. Huko ndiko nilikojifunza kazi yenyewe, na ninyi vijana mnaoniuliza nilikuwa nikifanya nini miaka yote hiyo, sikilizeni, maana watu wengi hudhani tulikuwa tukitia samaki mfukoni na kuwapeleka uwanjani basi.

Wazamiaji waliwaleta kutoka kwenye miamba, wamewashika kwa nyavu ndogo, mmoja mmoja. Samaki akifika hasafirishwi siku hiyo. Anapumzishwa, anachunguzwa mapezi na macho, kisha siku mbili kabla ya safari anafungishwa. Ndiyo, samaki wetu walifunga. Aliyekula atachafua maji njiani, na maji hayo ndiyo hewa yake. Siku ya safari tulitumia mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine. Maji theluthi moja. Sehemu iliyobaki tunajaza oksijeni kutoka kwenye mtungi, tunasokota mdomo wa mfuko na kuubana kwa mipira. Kangaja, ambaye ana mwiba mkali kama kisu ubavuni mwa mkia, alitiwa mifuko mitatu na gazeti katikati, la sivyo angeuchana mfuko wake mwenyewe huko angani. Mifuko ikiisha kufungwa hupangwa kwenye sanduku la povu jeupe, lile jepesi linalozuia joto na baridi, nalo huingia kwenye katoni. Miezi ambayo kwa wenzetu ni baridi kali, tulibandika chini ya kifuniko vipakiti vidogo vinavyotoa joto vyenyewe.

Gharama ilikuwa kwenye maji. Samaki wa sanduku zima hawafiki uzito wa paketi ya unga, lakini shirika la ndege hupima kila kitu, na maji ni mazito. Mara nyingi nauli ya samaki ilikuwa kubwa kuliko bei yake mwenyewe. Ukipunguza maji, nauli inashuka na uhai unapungua. Ukizidisha, samaki anafika salama na kampuni inafilisika. Fundi mzuri alijulikana kwa mkono wake: alimtazama samaki, akamimina, akaacha. Bwana Shee hakuwahi kutumia kipimo, nasi tulipopima baada yake kwa mzaha, hatukumkuta amekosea.

Lakini jambo lililonishangaza kuliko yote alinifundisha siku moja tulipokuwa tunakunywa chai nje ya banda.

"Samaki akifungwa mfukoni," akasema, "yuwapumua, na pumzi yake yayafanya maji kuwa makali kidogo, kama yametiwa tone la ndimu. Pia yuwakojoa, na mkojo ule ni sumu. Lakini maji yakiwa makali hivyo, sumu hulala. Haimdhuru."

"Kumbe anajilinda kwa pumzi yake?"

"Ndivyo alivyoumbwa. Hatari ni ukiufungua mfuko. Ile pumzi hutoka, ukali hupotea, na sumu yote ya njiani huamka kwa pamoja. Kwa hivyo ukiufungua, mtoe mule upesi umpe maji mengine. Kama huna maji mengine, mwate alivyo, usiufungue."

Nilirudi ndani nikaitazama mifuko iliyokuwa mezani kama naiona mara ya kwanza. Kiumbe hiki hakijawahi kuona mfuko tangu dunia iumbwe, na bado ndani ya mwili wake kulikuwa na namna ya kuishi humo.

Bwana Shee alistaafu macho yalipomchoka. Mimi nilipelekwa ofisi yetu ndogo ya Changamwe, karibu na uwanja wa ndege, chini ya Meneja wa Usafirishaji, Bwana Mwangi, mtu wa bara aliyefanya kazi bandarini kabla ya kuja kwetu. Alijua karatasi. Kibali cha idara ya uvuvi, cheti cha daktari wa mifugo, orodha ya samaki kwa majina yao ya kitaalamu, fomu ya shirika la ndege: ikikosekana moja, sanduku haliondoki. Alinifundisha kuzipanga kwa namna ambayo hata afisa mwenye haraka ataona anachokitafuta. Samaki hakuwajua sana, na hakuona haya kulisema.

Asubuhi moja tulipeleka katoni arobaini za kwenda Ujerumani. Zilikwisha kupimwa na kupokelewa tulipoambiwa ndege ya kwenda Nairobi ina hitilafu. Inayofuata yenye nafasi ya mizigo ni ya kesho yake asubuhi, kwa hivyo na ile ya Ulaya tumeikosa. Samaki walikuwa wamefungwa tangu alfajiri. Tulikuwa tumewafunga kwa safari ya siku moja na ushee. Sasa safari ingekaribia siku mbili na nusu.

Bwana Mwangi alikuja mbio, shati limemganda mgongoni.

"Mama Kadzo, fungueni zote. Wekeni hewa mpya, mfunge tena. Mtungi uko kwa gari."

"Na maji mapya tunayo, bosi?"

"Maji ya wapi? Lori la maji ya bahari liko gereji, na Utange hakuna maji ya ziada. Weka hewa tu. Hii mzigo ikikufa, huyo mteja hatarudi, na bila yeye tunafunga."

Hakuwa akitia chumvi. Mteja yule ndiye aliyekuwa akichukua karibu nusu ya samaki wetu, na Utange kulikuwa na watu ishirini wenye watoto shuleni.

"Bosi," nikamwambia, "tukifungua bila maji mapya tutawaua sisi wenyewe."

"Nani amesema?"

"Bwana Shee."

"Bwana Shee hayuko hapa."

Wapakiaji wawili walikuwa wamesimama na mikasi, wananitazama mimi na kumtazama yeye. Sikuwahi kumpinga meneja maishani mwangu, na sikuwa na shule ya kumweleza kwa maneno ya kitaalamu. Nilikuwa na maneno ya mzee mmoja tu.

"Naomba tufungue mfuko mmoja," nikasema. "Mmoja. Tukae nao nusu saa. Ukiniona nimekosea, fungua zote, nami nitakusaidia."

Alitazama saa yake, akakubali.

Nilichagua kitatange mwenye mistari ya buluu, mzima kabisa, anayepumua polepole. Nikafungua, nikajaza oksijeni, nikafunga. Tukakaa kwenye katoni tupu tukimtazama. Mwanzoni alitulia, na Bwana Mwangi akatazama saa yake tena. Kisha matamvua yakaanza kwenda haraka. Samaki akagonga mfuko, akazunguka, akalala ubavu. Nilimwomba dereva atukimbize kwa mwenye hoteli mmoja aliyekuwa na tangi dogo la maji ya bahari, lakini kabla hatujatoka getini samaki alikuwa amekwisha.

Bwana Mwangi aliuchukua mfuko, akaushika mbele ya mwanga kwa muda mrefu.

"Zile zingine?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Tusiziguse. Tutafute mahali penye baridi kidogo na giza, na mtu asizitikise."

Aliongea na wakubwa wa ghala, tukapewa kona ya chumba cha maua ya kusafirishwa. Kesho yake ziliondoka. Siku mbili nilifanya kazi bila kujua nilichokuwa nafanya. Ya tatu Bwana Mwangi aliniita, akanisomea ujumbe wa mteja: katika katoni arobaini, samaki waliofika wamekufa ni wanne. Alinipa simu nitazame video. Chumba kilikuwa na mwanga mdogo, mtu anawatoa upesi mifukoni mwao na kuwatia kwenye maji safi, kisha anawatonea maji ya tangi lao jipya kwa mpira mwembamba ili wayazoee. Nilimtambua kangaja wetu mmoja kwa pezi lake lililopasuka. Nyuma yake, nje ya dirisha, theluji ilikuwa inaanguka. Nilirudia video hiyo hadi simu ikazima. Kiumbe aliyetoka kwenye mwamba wetu alikuwa amepita juu ya mawingu na jangwa, bila kula, katika maji ya kujaza sufuria, na sasa alikuwa anaogelea mbele ya theluji.

"Kuanzia leo," Bwana Mwangi akasema, "mambo ya mfuko uamue wewe."

Kwa neno hilo nilirudi Utange, nikawa msimamizi hadi nilipostaafu. Yule kitatange niliyemfungua simsahau. Nilimchagua kwa sababu alikuwa mzima, nikijua yatakayompata.

Sasa nimestaafu, na mnaniuliza kama ilikuwa kazi njema. Nimejiuliza pia. Miaka ya mwisho wazamiaji walikuwa wanakwenda mbali zaidi kuwapata baadhi ya samaki, na tulikataa oda ambazo zamani tungezipokea. Watu walijenga nyumba kwa kazi hiyo, nami nikiwemo. Yote mawili ni kweli, na sijapata namna ya kuyapatanisha.

Jambo moja niliona haya kulisema kazini: sikujua kuogelea, na mwamba wenyewe sikuwahi kuuona. Baada ya kustaafu nilimwambia Salimu, mmoja wa wazamiaji wetu wa Likoni, naye hakunicheka. Alinichukua asubuhi maji yalipokuwa yametoka, akaniongoza kwa mkono hadi maji yakanifika kiunoni, nikiwa na leso yangu, akanivisha miwani ya kuzamia.

"Inama tu, mama. Nimekushika."

Nikatia uso majini. Samaki niliwajua wote, kwa majina na kwa ukubwa wa mifuko yao. Lakini kulikuwa na sauti. Mwamba mzima ulikuwa unatatarika, kama mafuta ya moto yanayotupiwa chumvi, karibu na mbali, bila kukoma. Niliinuka nikamuuliza Salimu ni nini kile.

"Kamba wadogo na viumbe wengine wa mwambani, mama. Ndivyo ilivyo siku zote."

Miaka yote ile nilidhani wanatoka mahali pa kimya. Nilimwambia anishike vizuri, nikarudisha uso majini.