Septante ya Mama

Juzi nilikuwa dukani Burnsville, huku ughaibuni, na mwanamke nyuma yangu akamwambia mtu kwenye simu, "Nonante!" Niligeuka ghafla hadi akashtuka. Usinicheke, rafiki yangu. Neno hilo bado linanichemsha damu.

Tulihamia huku kutoka Lubumbashi miaka ya tisini, nikiwa msichana mdogo. Kule mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Huku alikunja mashuka hospitalini. Jumamosi alikaanga maandazi, mafuta yakichachatika, nasi tukimhesabia kwa Kifaransa chetu, kile tulichoachiwa na Wabelgiji. Mtu wa Paris akitaka kusema sabini, husema "sitini na kumi". Sisi tulisema septante, basi. Tisini ilikuwa nonante, na chakula cha jioni souper, na hakuna aliyetuuliza kwa nini.

Mwaka nilioanza Kifaransa shuleni nilifurahi mno. Hatimaye somo ninalolijua! Mwalimu akanisimamisha nihesabu. Nilipofika septante akainua mkono.

"Hicho si Kifaransa. Nani alikufundisha?"

"Mama."

Darasa zima likacheka.

Mama alipopata habari alivaa kitenge chake cha kanisani, koti zito juu yake, na jirani akatupeleka shuleni kwa gari. Alimsalimu mwalimu kwa Kifaransa, taratibu, kwa adabu. Mwalimu akamjibu kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa, kana kwamba mama ni kiziwi. Kisha akanigeukia mimi: "Mwambie mama yako hapa tunafundisha Kifaransa halisi."

Nikatafsiri. Mama akanyoosha mgongo. "Umwambie nilifundisha batoto mingi kuhesabu hivi, na hata moja hakupotea ku soko."

Nilipomtafsiria, mwalimu akatabasamu, akatazama saa yake, akatufungulia mlango.

Tangu siku ile hakutamka tena Kifaransa nyumbani. Maandazi aliyahesabu kimoyomoyo. Tukimbembeleza, alisema tu, "Mujifunze ile ya ku masomo." Akafariki hivyo hivyo. Hiyo ndiyo hasira yangu: mtu mmoja, kwa tabasamu moja, alimnyang'anya mama lugha iliyomlisha ujana wake wote, kisha akaenda zake kula chakula cha mchana.

Mimi nilifaulu somo lile vizuri sana. Siku hizi wanangu wakiniomba niwafundishe kuhesabu kwa Kifaransa, nafungua kinywa, na sauti inayotoka ni ya yule mwalimu.